Mtori kwa Mkono Mmoja

Tanzania hii mwanamke anayenyonyesha hana haja ya kutafuta ushauri, ushauri unamfuata hadi barabarani. Mimi nimeshauriwa na mawifi, na muuza genge, na dereva wa bajaji, na kijana mmoja kondakta wa daladala ya Tabata ambaye, baada ya kunipa chenji, aliniangalia vizuri usoni akasema, "Mama, umechoka. Kula karanga." Kijana mwenyewe hata ndevu hazijakaa sawa, lakini alisema kwa uhakika wa daktari bingwa, kisha akagonga bodi tukaondoka.

Ushauri wote huo ukiuchuja yanabaki maneno mawili: kula vizuri na upumzike. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hesabu. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na wangu akishika titi hana haraka, nusu saa kwake ni kawaida. Zidisha mwenyewe. Ni saa 4 hadi 6 umekaa mahali pamoja, na hapo hujamcheulisha, hujambadilisha nepi, hujambadilisha ile nyingine aliyoichafua kabla hujamaliza kuifunga. Halafu sista wa kliniki anakuambia kwa upole, "Mtoto akilala, na wewe lala." Wazo zuri sana. Ila wangu alikuwa halali mpaka abebwe, na aliyembeba awe amesimama, tena ikiwezekana awe anatembeatembea. Kuufuata ushauri ule ningelala wima kama punda wa Lamu.

Kuhusu njaa ndiyo kabisa, hakuna aliyenionya. Watu humwandaa mwanamke kwa uchungu wa kujifungua. Njaa ya kunyonyesha anaikuta mwenyewe njiani. Mtoto wa miezi michache anayenyonya tu, bila kuchanganyiwa kitu, hunywa kama mililita 750 hadi 800 za maziwa kwa siku, na mwili wa mama unadai takriban kalori 500 za ziada kuyatengeneza. Hiyo ni kama sahani ya wali na maharage juu ya milo yako ya kila siku. Ingekuwa mwili unaidai sahani hiyo saa saba mchana, mezani, watu wamenawa, nisingelalamika. Unaidai saa tisa usiku, umeme umekatika, uko ndani ya chandarua.

Nikajiwekea mkakati. Jioni nilitenga viazi vitamu vya kuchemsha na maandazi kwenye sahani, nikaiweka juu ya stuli pembeni ya kitanda ili usiku nipapase tu. Mkakati ulikuwa mzuri, isipokuwa sisimizi wa nyumba ile nao walikuwa na watoto wa kulea. Walipanda stuli, wakapanda chandarua, wakafuata makombo hadi ubavuni kwa baba watoto, aliyekuwa amelala fofofo. Aliruka, na chandarua kikaja naye. Mtoto, niliyekuwa nimetoka kumlaza kwa jasho, akafumbua macho, akasikia baba yake anajipiga makofi mapajani gizani, akaamua kwamba kumekucha.

Kwetu ni Tanga, ukweni ni Kilimanjaro, na mzaliwa huyu wa kwanza aliwakutanisha mabibi wawili kwenye jiko moja la gesi la plati mbili. Mama yangu alikuja na pilipili manga, mkaja, na imani kwamba mzazi asiyekandwa maji ya moto hajapona. (Habari za kukandwa sizisimulii, aliyepitia anajua, na ambaye bado asitishwe.) Mama mkwe alishuka kwenye basi la Moshi na mkungu wa mshare na nyama ya mifupa, akauliza sufuria kubwa iko wapi kabla hata sijamwamkia vizuri. Uchagani mzazi hulishwa mtori kwa miezi mitatu hivi, haendi shambani, hachoti maji. Pwani hesabu ni arobaini. Ungedhani wangegombana, lakini waliheshimiana mpaka nikateseka mimi. "Anza wewe, dada." "Hapana dada, wewe umetoka mbali." Matokeo yake saa moja uji wa pilipili manga, saa mbili mtori, saa nne uji, saa sita mtori. Nikimaliza bakuli la mmoja, mwingine anachungulia la kwake nimebakiza kiasi gani. Mtoto ananyonya kwangu, mimi nalishwa kwao. Katika nyumba ile hakuna kinywa kilichopumzika.

Uji wa mama ulikaa kwenye chupa nyekundu ya maua, na chai ya baba watoto ilikaa kwenye chupa nyekundu ya maua. Tulinunua mbili kwa sababu zilikuwa na punguzo. Asubuhi moja, baada ya usiku ambao hakuna aliyelala, akabeba mojawapo akaenda nayo kazini, na kwa kuwa ni mtu mkarimu akamkaribisha bosi wake kikombe. Bosi akanywa chote, jasho likimtoka kwenye kipara, akauliza kuna nini humu. Nikapigiwa simu. Nikajibu kama nilivyoulizwa: "Huo ni uji wa mzazi, wa kuongeza maziwa." Sikujua simu iko kwenye spika. Namshukuru Mungu kibarua hakikuota nyasi, na wiki iliyofuata bosi aliulizia kama mama bado yupo.

Sasa, kwa kuwa mimi ni mtu niliyekwenda shule, siku moja niliona niwaelimishe mabibi. Nikawaeleza kwamba maziwa hayaletwi na uji wala mtori. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama unaachia prolaktini, inayotengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Titi likitolewa maziwa mara kwa mara linatengeneza mengine. Likiachwa limejaa linapunguza. Hata kunywa maji kupita kiu hakuongezi kitu ila safari za chooni. Nikaongeza kwamba prolaktini hupanda zaidi usiku, kwa hiyo kule kunyonyesha kwa usiku kunakoniua ndiko kunakolinda maziwa. Walinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha mama mkwe akageuza mwiko kwenye sufuria, akaniuliza, "Na hiyo prolaktini, mwanangu, inapikwa na nani?"

Sijapata jibu hadi leo, na nimeanza kuamini kwamba halipo. Mtori ni ndizi, nyama, mchuzi na mafuta kidogo, chakula kizuri, lakini unaweza kuupika mwenyewe na usikusaidie chochote, kwa sababu utakapoiva utakuwa huna nguvu ya kuunyanyua mwiko, na mtoto atakuwa ameamka. Wale wazee walipoweka arobaini na miezi mitatu walikuwa wameshajua kwamba mzazi akiambiwa "kula vizuri" lazima awepo mtu wa kusimama jikoni. Serikali ililiona baadaye, kwa kiasi chake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akipata zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Baba anapewa siku 3. Wangu ya kwanza alinunua beseni, ya pili akalirudisha dukani kwa kuwa lilikuwa dogo, ya tatu akalala kwa uchovu wa beseni.

Mabibi wakaondoka. Mama alirudi Tanga arobaini ilipotimia, mama mkwe akakaa kidogo kisha akakumbuka kwamba kahawa yake haijivuni. Nikabaki na mapishi yote ya makabila mawili kichwani na mkono mmoja wa kuyapikia. Ndipo nilipoingia katika maisha ya chai ya rangi na mkate. Chai asubuhi, chai mchana, chai ya kumezea vidonge vya madini chuma. Kliniki sista akanivuta kope la chini, akatazama, akaita mwenzake naye atazame. "Dada, huku ndani kumepauka. Vidonge unakunywa?" Nakunywa. "Na nini?" Nikamwambia. Aliweka kalamu chini. Chai, kumbe, inauzuia mwili kuyapokea madini chuma, kwa hiyo vidonge vyangu vilikuwa vinapita tu kusalimia. Akaniambia nisogeze chai mbali na chakula na dawa, kama saa moja hivi, nimeze vidonge kwa maji, na kwenye chakula niongeze chungwa au nikamulie ndimu kwenye mchicha, maana vitamini C inasaidia. Akataja maini, dagaa, maharage. Sio vyakula vya kitajiri hivyo. Dagaa wa Mwanza anapatikana kila genge la Dar es Salaam. Shida yake ni kuchambuliwa, na kuchambua dagaa ni kazi ya mikono miwili.

Likizo ikaisha. Sheria ileile inasema mwajiri amruhusu anayenyonyesha kwenda kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Aliyeandika kifungu kile alikuwa na nia njema, ila nadhani hakuwahi kukaa Tabata akafanya kazi Posta. Saa mbili hizo zinatosha kufika Buguruni na kugeuza, foleni ikiwa imelala vizuri. Basi nikawa nakamua maziwa kwenye chumba cha mafaili, nimekalia boksi la hesabu za mwaka juzi, mlangoni nimebandika karatasi "Usiingie". Karatasi ile iliongeza wageni. Watu ambao hawajawahi kutafuta faili maishani mwao walipata haja ya faili.

Kuna kikao kimoja cha mchana, baada ya chakula, feni inazunguka taratibu. Najua nilikuwa macho kwa sababu nakumbuka ajenda ya kwanza. Mwenyekiti alipofika kwangu akaniuliza maoni yangu kuhusu mzabuni aliyechelewesha mzigo, nikamjibu kwa sauti ya utulivu kabisa, "Mgeuze upande wa pili." Kimya. Katibu, ambaye ni mtu wa kanuni, akaandika kwenye muhtasari. Mzabuni naye, sijui aliambiwa nini, alileta mzigo wiki hiyohiyo.

Na paka. Siku moja paka alilia chini ya dirisha la ofisi, mlio ule wa kitoto, na oksitosini, ambayo haichagui nani analia, ikafanya kazi yake palepale mbele ya wageni wawili kutoka makao makuu. Tangu hapo natembea na mtandio mpana, hata joto la Januari liwe kali namna gani.

Upo uchovu ambao siufanyii mzaha, niuseme tu hapa nipite. Ukiwa na huzuni au kilio kisichokwisha zaidi ya wiki mbili, ukikosa usingizi hata mtoto akichukuliwa na mwingine, au ukianza kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, sema kwa mtu na uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kizunguzungu na moyo kwenda mbio kwa kupanda ngazi chache, au titi kuwa gumu na jekundu pamoja na homa. Hapo karanga hazisaidii.

Kwa mengine yote nina mwongozo wangu, usio na mhuri wa wizara yoyote: chakula cha anayenyonyesha kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja bila kumdondokea mtu utosini. Yai la kuchemsha linafaa, likiwa limeshamenywa. Ndizi mbivu, Mungu aliifunga vizuri. Parachichi na kijiko. Chapati iliyoviringishwa maharage ndani, ukiikaza chini, inafika hadi mwisho bila ajali. Karanga pia, kondakta alikuwa sahihi, ingawa sitamtafuta kumwambia. Samaki wa miiba hapana, anataka mikono miwili, macho mawili na taa. Ugali na mlenda nilijaribu, na siku hiyo mtoto alioga mara ya ziada. Mtori unashinda vyote kwa utamu na kwa hatari, maana juu unaonekana umepoa na chini unachemka, kwa hiyo mpaka leo siugusi mtoto akiwa mapajani mwangu.

Basi ukipanga kwenda kumwona mzazi, sabuni na pampasi tunashukuru, lakini njoo na hotpoti. Si lazima uwe mtori. Nawa mikono, mpokee mtoto, mwache mama ale kwa mikono yote miwili, na usimuulize kama maziwa yanatosha. Kabla hujaaga, osha vyombo mlivyotumia, pamoja na vile ulivyovikuta. Hotpoti yako iache. Utaipata tena mtoto akianza darasa la kwanza.