Firigo ya Korongo

Wapo wanaosema kilima chenyewe kiko Nyantende, pale njia itokayo Bukavu inapoiacha Panzi nyuma na kuelekea kusini baina ya migomba na mashamba ya mihogo. Lakini wenyeji wa Nyantende, ukiwauliza, watakula yamini kwamba jambo kama hili halikutokea kwao, labda kilima cha pili, na wa kilima cha pili watakuelekeza cha tatu. Basi tukiache bila jina, tuseme tu kwamba hapo zamani, na si zamani sana, kilikaliwa na wanyama na ndege waliotawaliwa na Korongo, yule mwenye taji la nyuzi za dhahabu kichwani. Taji hilo hakulinunua wala hakulipigania, alizaliwa nalo. Na mwenye kuzaliwa na taji hukawia kujua kwamba kichwa kina kazi nyingine.

Kilima kile hakikuwa na utajiri, ila shibe haikuwa ngeni kwake. Maharage yalivunwa mara mbili, mwezi wa Januari na tena Juni, na kiangazi kikiingia wenyeji walishuka mabondeni penye majimaji wakapanda mboga, hata mwaka ukazunguka bila mwezi kukosa kijani. Jioni moshi ulipanda kila ua, na mpita njia aliweza kujua kwa pua, kabla ya kupiga hodi, nyumba ipi imesonga bugali wa mihogo, ipi imetwanga sombe ya majani ya mihogo, na ipi imepata bahati ya sambaza kutoka ziwani.

Aliyejua kupika kuliko wote alikuwa Mama Nungunungu, mjane mwenye miiba mingi na maneno machache. Maharage yake aliyaloweka tangu magharibi, asubuhi yakawa yamekwisha kunywa maji ya kutosha, na hivyo yakala kuni kidogo. Na punje zilipoanza kupasuka aliondoa kuni zote, akaacha makaa chini ya chungu, akafunika, akaenda zake shambani, akijua udongo ulioshika moto humaliza kazi wenyewe bila msimamizi. Akirudi alitia makabo yaliyokatwa vipande, kisha lengalenga iliyochumwa mlangoni pale pale, na mwisho chumvi. Sombe aliichemsha kwanza bila mfuniko, muda mrefu, ili sumu yake itoke na mvuke. Mihogo michungu aliiloweka siku tatu, wala hakuna mgeni, mvua au msiba uliomfanya azifupishe ziwe mbili. Sambaza wakavu aliwatwanga wakawa unga, akawa anatia konzi moja katika mboga, hata mtoto wa kuchagua samaki asipate cha kuchagua. Na akiba yake ya maharage aliichanganya na majivu, akaifunga mtungini, ili dudu wa maharage akija akute hasara. Hakuwahi kusema kwamba ameridhika. Neno hilo lilikuja kilimani baadaye, na halikuja na heri.

Ikawa siku moja Korongo alialikwa karamu mjini, katika majumba yale yanayotazama ziwa. Alikaa huko usiku kucha, na aliyoyaona yalimgeuza moyo: bilauri zenye mguu mmoja kama yeye mwenyewe alalapo, samaki wa bahari waliokuwa wagumu kama mawe mpaka walipoonyeshwa moto, na mapaja ya kuku, mengi, yaliyosafiri kutoka ng'ambo ndani ya makaratoni, bila vichwa, bila mabawa, bila kuku. Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba katika meza ile hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza chakula kimelimwa na nani. Na pembeni, ukutani, lilisimama sanduku jeupe lililonguruma peke yake, na kila aliyelifungua alimulikwa uso kama mtakatifu.

Korongo alirudi na sanduku kama lile. Lilipandishwa kilima na mbuzi sita kwa zamu, mzigo mgongoni na ukanda wa kamba kwenye paji la uso, kama wapandavyo akina mama wa njia ile kila siku ya soko; likawekwa sebuleni pa Mkuu juu ya mkeka mpya. Umeme wa mto Ruzizi haukuwa umewahi kukifikia kilima kile, na mbuzi mmoja, kwa kuwa alikuwa amechoka na hivyo kupungukiwa adabu, aliuliza litangurumaje. Korongo akamjibu kwamba umeme huja mahali palipojiandaa kuupokea. Wazee wakatikisa vichwa kwa hekima ya maneno hayo, na kwa mwezi mzima raia walipanga mstari kusikiliza mlango wa firigo ukifungwa.

Kisha ikatoka Amri ya Meza. Ilisomwa barazani na Kasuku, ambaye hulka yake ni kusoma asichokielewa kwa sauti nzuri, na ilisema kwamba maharage, sombe, lengalenga na makabo ni vyakula vya dhiki. Kwamba moshi wa mafiga matatu ni ushahidi wa kushindwa. Na kwamba mwenye nyumba anayejiheshimu atakula kitokacho katika karatoni, kopo au chupa. Ili amri isiwe maneno matupu, iliundwa Tume ya Harufu, na mwenyekiti wake akawa Fungo, mnyama wa usiku mwenye pua ambayo hata adui zake waliisifu. Fungo alipewa kofia, daftari na ruhusa ya kunusa chini ya milango.

Kuku, aliyekuwa mjumbe wa baraza, aliombwa atoe hotuba ya kuyakaribisha makaratoni ya kwanza ya mapaja. Alisimama, akafungua karatoni, akatazama kwa muda, akaomba udhuru, na hajaonekana barazani tangu siku hiyo.

Sasa angalia jinsi kilima kilivyojipanga kuitii aibu. Kanga, aliyekuwa akiwalisha wajukuu wake mayai mawili matatu kwa juma, aliyakusanya yote kikapuni akayashusha soko la Kadutu mjini, akauza, na kwa fedha ile akanunua chupa nne za maji matamu yenye povu na bahasha ya unga wa kutia ladha ya yai. Ng'ombe aliuza mashanza yake yote, yale maziwa ya mgando, akarudi na kopo la maziwa lenye picha ya ng'ombe mnene asiyemjua, akaitundika picha ukutani na kuwaambia ndama wake waige. Sungura, ambaye siku zote alijiona mwerevu kuliko wenzake, aliuza mavuno yake yote ya Januari katika juma moja, wakati kila kilima kinauza na mnunuzi anachagua gunia kwa kidole. Akanunua mchele wa ng'ambo, akaula kwa siku kumi huku dirisha likiwa wazi, na mwezi wa Machi akashuka tena sokoni kuyanunua maharage, huenda yale yale ya shamba lake, kwa bei iliyopanda karibu maradufu. Alipoulizwa alisema haya ya sasa ni bora, kwa kuwa yametoka mjini.

Lakini tumbo halijui kusoma amri. Ukipita kilimani saa za usiku wa manane ungedhani ni alasiri ya sikukuu, kwa jinsi mafiga yalivyokuwa yakiwaka nyuma ya nyumba, ndani ya mashimo, chini ya vibanda vya mbuzi, na madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili moshi usiende kushitaki. Maharage ambayo zamani yalikula kuni chache yakala nyingi, kwa kuwa aliyeogopa kuonekana akiyaloweka aliyapika makavu. Mihogo nayo iliibwa majini baada ya siku moja, kwa hofu ya daftari la Fungo, ikasagwa, ikasongwa, ikaliwa. Na asubuhi watoto waliamka na kichwa kinachozunguka, wengine wakitapika, na wazazi wakasema ni hali ya hewa. Ndivyo chakula kilichowalea babu zao kilivyogeuka kuwa hatari, kwa sababu tu kilipikwa kwa siri na kwa haraka.

Mama Nungunungu hakujificha. Fungo alifika mlangoni kwake usiku wa kwanza, akanusa, akaandika, akamtoza faini. Usiku wa pili akanusa muda mrefu zaidi, akaandika kidogo. Usiku wa tatu alisahau daftari. “Karibu, baba, keti,” alimwambia yule mama, bila kuuliza kama amekuja kama tume au kama mgeni. Fungo alikula kimya, akapangusa masharubu, akaenda kuandika kwamba eneo lile ni shwari.

Mwezi wa Aprili mvua ilinyesha kama ilivyoapa kufanya kila mwaka, na udongo ukateremka ukaifunika njia. Malori yalizama hadi ekseli huko chini, makaratoni yakayeyuka ndani yake, na harufu iliyopanda kutoka bondeni haikuhitaji tume. Kilimani njaa iliingia mlango wa mbele, kwa kuwa mitungi ilikuwa mitupu. Maharage yote yalikuwa mjini. Na hapo, usiku mmoja, Fungo akiwa amelala bila kula, pua yake ilimwamsha. Ilikuwa harufu ya maharage na makabo, iliyopikwa na mtu asiye na ufundi, imeungua kidogo chini. Aliifuata ua kwa ua, mpaka ikamfikisha sebuleni pa Mkuu, mbele ya sanduku jeupe. Alilifungua. Ndani, mahali pa barafu, palikuwa na chungu chenye joto, kijiko cha mti, na gunia la maharage lililojaa hadi shingoni. Na nyuma ya mlango alisimama Korongo, punje moja imemganda kwenye mdomo.

Habari ilienea kabla ya alfajiri, na wengi walidhani Mkuu ataona haya. Hawakuwajua wenye mataji. Asubuhi aliitisha baraza, akasimama kwa mguu mmoja, akatangaza kwamba alikuwa akiyafanyia majaribio maharage kwa faida ya umma, kwamba majaribio yamefaulu, na kwamba tangu leo unaanza Mwaka wa Kuridhika. Raia wataishi kwa udogo wa mahitaji. Asiyekuwa na kitu ashukuru kwa wepesi wa mzigo. Na ili kuonyesha jinsi kilima kilivyoridhika, kila nyumba italeta kikapu kimoja cha maharage kwa ajili ya karamu ya uzinduzi, ambayo wageni wake watatoka mjini. Kasuku aliisoma mara mbili. Mimi msimulizi nimesikia mahubiri mengi ya kuridhika katika maisha yangu, na nimezoea kutazama kwanza tumbo la mhubiri.

Hapo Sungura, kwa kuwa aliungua zaidi ya wengine, aliruka juu ya kisiki akataka amri kinyume: vyote vya kigeni vichomwe, kilima kisile ila kile walichokula mababu. Vijana wakapiga vigelegele. Mama Nungunungu, ambaye kwa kawaida barazani alikuja kuuza mboga tu, alimuuliza: “Mwanangu, tuanze na kipi? Mihogo ililetwa Kongo na mabaharia Wareno karne ya 16, kutoka Amerika ya Kusini. Mahindi na maharage nayo asili yake ni bara la Amerika. Na sambaza unaowapenda hawakuwa wa Ziwa Kivu, walitolewa Tanganyika mwaka 1959 wakamwagwa humu. Ukichoma vya kigeni vyote utakula majivu, nayo nayahitaji kwa akiba yangu.” Sungura akauliza basi chakula cha heshima ni kipi. Mama akaelekeza mwiba mmoja kaskazini-magharibi, ulikokuwa mlima Kahuzi umevaa wingu kwenye mita zake 3,308, akasema kule yupo gorila, ambaye dume lake hukaribia kilo 200, mwenye nguvu kuliko wote waliokuwa pale barazani, na hula majani na machipukizi ya mianzi, wala hajasikika akifunga dirisha.

Korongo, aliyejua kuutambua upepo, alimwita Mama Nungunungu faragha akampa cheo: Waziri wa Kuridhika, pamoja na kofia, ofisi, na posho ya makaratoni njia itakapofunguka. “Mkubwa,” alisema yule mama, “mimi sijaridhika. Faini yangu haijarudishwa, na watoto wa jirani bado wanatapika. Kinachonitosha ni chakula changu, na hilo ni jambo jingine.” Kisha akaaga, kwa kuwa alikuwa ameacha chungu motoni.

Njia ilifunguliwa mwezi wa Juni. Karamu ya uzinduzi ilifanyika, wageni wakala maharage katika sahani za kioo, wakayasifia sana kwa kuwa ni ya asili, na wakaondoka na yaliyobaki. Nyumba zilizokwenda kwa Mama Nungunungu kujifunza kuweka akiba katika majivu ni tisa. Zilizobaki, mavuno ya Januari iliyofuata, zilishusha magunia Kadutu katika juma moja.