Herufi Kwenye Daftari la Kliniki

Jumatatu

Mama amepima sukari saa nne asubuhi, katikati ya kuwajazia wateja asali kwenye chupa. Mashine imeandika HI. Mjukuu wake amemwambia mashine inamsalimia, naye akaendelea na biashara. Nimefika saa sita na kuikuta. HI ni kwamba sukari imepita ukomo wa mashine, ambao kwa hii yetu ni 33.3, na mwenye sukari ya namna hiyo hukimbizwa hospitali. Nimemnawisha kwa sabuni, nikamkausha, nikampima kidole kingine: 8.4. Ile ya kwanza ilikuwa asali ya Sikonge iliyoganda kidoleni. Ingekuwa LO, yaani sukari iko chini mno, angepewa kitu kitamu papo hapo.

Jumanne

Mashine aliyotuma dada kutoka Marekani imefika. Mama amejipima mbele ya majirani: 151. Mmoja amekwenda kuita bodaboda, mwingine ameanza kumpepea, na mama mwenyewe amesukuma sahani ya ugali kando. Mashine ya dada inahesabu kwa miligramu, kama wafanyavyo Marekani. Ya kwetu huhesabu kwa milimoli. Ukigawanya 151 kwa 18 unapata 8.4. Nimemlipa kijana wa bodaboda nauli yake. Namba 18 nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwa mashine.

Jumatano

Mzee jirani ana jicho jekundu. Karatasi ya dawa ya presha imeandikwa OD, yaani mara moja kwa siku. Karatasi ya kliniki ya macho nayo imeandikwa OD, ila kule ni jicho la kulia. Amekuwa akitia matone mara moja kwa siku, macho yote mawili, na hali alitakiwa kutia jicho moja mara nne. QID iliyofuata OD, yaani mara nne kwa siku, hakuna aliyemsomea.

Alhamisi

Mama amebadilishiwa dozi ya insulini. Daftari linasema 10U BD. BD tunaijua, asubuhi na jioni. Ila U ya mwandiko wa haraka imefunga mdomo juu, ikawa sifuri. Mwanangu yuko likizo na ndiye anayemchoma bibi yake jioni hii. Amesoma 100. Bomba la insulini la mililita moja lina mistari mpaka 100, kwa hiyo hakuna kilichomzuia. Amevuta mpaka mwisho, kwa uangalifu, akagonga mapovu yakatoka, kama alivyofundishwa. Mama ndiye aliyeuliza, "Baba, mbona leo limejaa hivyo?" Nimetoka jikoni mbio.

Yuniti 100 kwa mtu wa yuniti 10 zinashusha sukari mpaka anazimia, na usiku ule anaweza asiamke. Mtoto amekaa kwenye kigoda, mikono inamtetemeka, na sikumwambia neno la kumlaumu, maana alisoma kile kilichoandikwa. Herufi hii inajulikana duniani kote kwa hatari hiyo hiyo, na waganga wanaagizwa waandike neno zima. "Yuniti" ina herufi sita. Aliyeandika daftari hili angetumia sekunde mbili zaidi, nami namtaka azitumie, kwake na kwa kila bibi anayechomwa na mjukuu. Nimekata U kwa kalamu, nikaandika: yuniti kumi asubuhi, yuniti kumi jioni.

Ijumaa

Hakuna kilichotokea. Mama ameuza asali vizuri.

Jumatatu

Kliniki. Mama ameandikiwa HbA1c, na kwa sababu ni damu, ameambiwa na watu aende na njaa. Hadi saa tano foleni haijamfikia, jasho linamtoka, maneno yanamkwama. Muuguzi amempima: 3.6. Amempa maji yenye vijiko vitatu vya sukari, wakasubiri dakika kumi na tano, akampima tena. Kisha akatueleza kwamba kipimo hiki hakitaki njaa, kwa kuwa kinaonyesha sukari iliyogandamana na chembe nyekundu za damu kwa miezi miwili hadi mitatu. Kinachotaka njaa ni FBG, kipimo cha sukari kabla ya kula.

Tukiwa tunatoka nikafungua daftari. Chini kabisa: TCA 1/12. TCA ni arudi tena. Mama amefurahi kwamba hatarudi mpaka tarehe mosi Desemba. Sasa ni Juni, na dawa alizopewa ni za siku thelathini. Kwa waganga 1/12 ni mwezi mmoja, sehemu moja ya kumi na mbili ya mwaka. Nimerudi dirishani, muuguzi akaandika tarehe kamili ya Julai bila kununa.

Nyuma yetu kwenye foleni alikuwapo mzee mmoja wa Sikonge. Daftari lake lilikuwa na 2/12, na alikuwa ameshaondoka kwenda stendi. Nimemwacha mama kwenye benchi na chupa ya maji, nikamfuata. Nimemkuta ameshapanda, nikamwandikia Agosti kupitia dirisha la basi.