Msikiti wa Gaddafi na Butura Yetu

Mfyuu! Kijana wetu wa bodaboda karudi juzi kutoka Kampala, kapitia Murongo kama kawaida, na tangu atue hapa stendi ya Kayanga hatupumui. Simu inazunguka kijiwe kizima: yeye juu ya mnara wa Msikiti wa Gaddafi, Kampala yote chini ya miguu yake. Ngazi zaidi ya 200 kapanda, na kiingilio kalipa! Watalii wanapangana, kina mama wanaazimwa mitandio, mtembezaji anawaeleza zulia limetoka nchi gani na taa za nchi gani. Kijana anasema hata hekalu la Wabudha lipo, kule Garuga upande wa Entebbe, na mtawa aliyelianzisha 2005 ni Mganda kabisa. Haya, hilo tuliache. Mnara je? Umeuliza nani aliuanza?

Kilima ulipo msikiti, Old Kampala, ndiko Mwingereza Lugard alikojenga ngome yake 1890. Idi Amin akakitoa kwa Baraza Kuu la Waislamu Uganda, ujenzi ukaanza miaka ya 1970. Amin huyo huyo, waitu! Aliyetangaza Novemba 1978 kwamba ardhi yetu yote mpaka Mto Kagera ni yake, daraja la Kyaka likalipuliwa, ng'ombe wa watu wakaswagwa kuvushwa mpaka. Gaddafi wa Libya naye akamletea askari 1979 wapigane na vijana wetu. Walipozidiwa, Amin akakimbilia Libya na msikiti ukabaki gofu miaka na miaka, hadi Gaddafi huyo huyo alipotoa fedha ukamaliziwa. Machi 2008 akaja kuufungua, pembeni yake Museveni, ambaye 1979 aliingia Uganda bega kwa bega na jeshi letu kumng'oa Amin. Mkono kwa mkono, tabasamu, kamera. Gaddafi alipouawa 2011, haukupita muda kibao kikabadilishwa: Msikiti wa Taifa wa Uganda.

Msinielewe vibaya. Swala ni swala, na muumini anayesujudu pale hana deni na mtu. Ninachosonya ni bei.

Nyie wa Karagwe na Kyerwa butura mnaijua. Jamaa anakuja kahawa ingali maua, wewe mtoto karudishwa nyumbani kwa ada, anakupa vijisenti unashukuru mpaka unapiga magoti. Msimu ukifika anakuja na magunia. Wakubwa nao hujenga hivyo hivyo. Tazameni Dar: Oktoba 2016 alikuja Mfalme Mohammed VI wa Moroko, akaahidi msikiti mkubwa pale Kinondoni, makao makuu ya BAKWATA. Leo umesimama, na jina ni lake. Moroko ilikuwa imesusa umoja wa Waafrika tangu 1984 kwa ugomvi wa Sahara Magharibi, nasi Tanzania tulikuwa tukiitambua Sahara hiyo tangu miaka ya 1970. Januari 2017, miezi mitatu tu baada ya ziara, Moroko ikapokelewa tena Addis Ababa. Sisemi tulihongwa. Nasema maua yalikuwa mtini na mnunuzi alikuwa shambani.

Mzee muuza kahawa kaweka birika chini. "Hao ni wafalme," kasema. "Na wa hapa?"

Wa hapa tunawajua bila kuwataja. Miaka minne mtu haonekani hata msibani. Kura zikinukia, huyo, na mabati ya kanisa Jumapili, saruji ya msikiti Ijumaa, na mpiga picha wake keshafika kabla yake. Sisi tunapiga makofi, mchungaji anamwombea, shehe anamwombea, barabara ya kijijini inabaki na madimbwi yake.

Kijana, mnara piga picha upendavyo, umependeza. Lakini mgombea akisimama mbele ya waumini na mabati yake, inueni mkono mmuulize magunia anayafuata lini.