Sifa za Mkongwe wa Kibandani

Wenye laptopu nyembamba na wazisifu. Mimi namsifu mkongwe: Pentium 4 ya mezani, anayechapa barua na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi katika kibanda cha mabati karibu na ufukwe, Tanga. Juu jua, chini mchanga, ubavuni upepo wa chumvi. Naye yu kazini, akinguruma hadi wateja wanapandisha sauti.

Wanaomwita mzito hawajui busara ya ukoo wake. Tangu mwaka 2000 Pentium 4 zimeumbwa hivi: joto likizidi, zinapunguza mwendo zenyewe zisiungue. Saa saba mchana, bati halishikiki, unamaliza kikombe cha chai faili likiwa bado linafunguka. Kupumzika huku unaonekana uko kazini ni sanaa. Maofisini watu wameihangaikia miaka.

Betri yake ya saa, ile ya duara ya volti 3, ilikufa zamani. Kila akiwashwa, kwake ni Januari 1, 2002. Sukari imepanda, kodi ya kibanda imepanda, yeye hana habari. Kasoro ni ndogo: barua ikijiwekea tarehe, kijana anaonekana aliomba kazi kabla hajazaliwa.

Na virusi je? Microsoft ilimtelekeza na Windows XP yake Aprili 2014. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipozunguka dunia, watafiti waliojaribu kuiambukiza XP waliona mara nyingi kompyuta inaangukia skrini ya bluu tu. Ndiyo kinga ya wazee: mgeni mbaya akibisha hodi, unazimia.

Hata matunzo yake yanajenga ujirani. Akigoma kuwaka na kulia pii, pii, unafungua kava, unachomoa RAM, unasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya mtoto wa shule mpaka weusi utoke, kisha unaikandamiza mpaka vibano vilie "ka!" pande zote mbili. Vumbi likizidi, unambeba kwa fundi pancha ampulize kwa kompresa ya matairi, nawe umezuia feni kwa kidole isizunguke ikajivunja. Mjusi anatoka, sisimizi wanahama, mnacheka. Kapasita zikivimba vichwa, ni zamu ya fundi redio.

Laptopu nyingi za leo RAM imechomewa kwenye bodi. Ikifa, fundi anakupa pole na bei ya bodi nzima. Kwa mkongwe, mwenye bisibisi ya nyota na raba ndiye mwenye mali kweli. Mwizi naye akaribie: ile skrini ya chogo tutamkuta nayo hajafika barabarani.

Wanaouliza atastaafu lini wamuulize mwenyewe. Kwa kalenda yake, ameajiriwa juzi.