Sifa za Kustaki

Ningekuwa na litungu, nyuzi zake zote nane ningezikata kwa kukusifu, ewe Kustaki. Wengine wanakuita lagi, wengine wanasema mtandao unazingua. Kwetu Kenyamonta wewe ni mgeni wa heshima: unabisha hodi saa mbili usiku, mshambuliaji wangu wa mchezo wa simu akiwa amebaki yeye na kipa.

Anainua mguu. Anaganda. Akija kuushusha, mpira umo kwenye wavu wetu.

Nani kama wewe kwa kunipa habari za nyumbani? Picha ikishtuka mara moja ikaendelea, mama amefungua video ya harusi kwenye kundi la ukoo. Ikisuasua bila kukoma, dada yuko kwenye tamthilia. Ikiganda kabisa, simu ya kaka inapandisha picha zake zote za mwezi.

Na heshima yangu nani ameilinda? Tangu nianze kucheza sijafungwa hata siku moja. Nimestaki tu.

Wasiokujua wanakusingizia kuwa u mtoto wa bando dogo, wakakimbilia kubwa. Huko ni kukutukana. Mchezo wenyewe hula data kidogo kuliko video. Mchezo unachotaka ni kuwahi. Na mwanga ndani ya mkongo hukata kilomita 1,000 kwa milisekunde 5 hivi, kwa hiyo amri yangu ya kupiga shuti, ikielekea kwenye seva ya mchezo, haichoki baharini. Inachokea hapa hapa sebuleni. Tazama zizi lenye mlango mmoja: picha za kaka ni ng'ombe mia mbili waliosongamana, amri yangu ni ndama aliyefika mwisho. Rauta yetu, tuliyoinunua Mugumu, ina ukarimu wa kupindukia. Haimfukuzi yeyote, inawapanga wote foleni, na ndama anangoja zamu.

Maadui hukosi. Mmarekani Jim Gettys, karibu na mwaka 2010, aliona mtandao wa kwake ukizama kila anapopandisha mafaili, akakufuatilia hadi kwenye foleni hiyo. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa kanuni ya CoDel: inapima kila ng'ombe amesimama mlangoni muda gani, na foleni ikikawia mno inaanza kuwatupa wengine nje, ili anayewaswaga apunguze mwendo. Ukatili ulioje!

Adui wa karibu zaidi ni fundi simu wa pale senta. Alikuja, akanywa chai yetu, akaitoa rauta nyuma ya kabati na kuiweka dirishani. Simu yangu akaihamishia masafa ya gigahezi 5, ambayo hayapendi kuta lakini mimi nakaa chumba hicho hicho. Kisha akaikaba kasi ya kupandisha, ikabaki chini kidogo ya uwezo wa laini, ng'ombe wasirundikane tena. Kaka akaamriwa kupandisha picha usiku wa manane.

Usiku huo hukuja, Kustaki. Kila nilipogusa, mchezaji alitii. Nikafungwa manne bila.

Nikaenda kugonga mlango wa chumba cha pili. "Kaka, shikamoo. Hivi zile picha zako, huogopi zitapotea? Zipandishe sasa hivi."