Bastola? Kwanza Nionyeshe Duka

Shemeji yangu anayekaa Dallas ana ugonjwa wa kushauri. Hapa Ruashi, Lubumbashi, hakuwa nao. Nadhani aliupatia ndani ya ndege. Majuzi wezi waliingia kwa jirani, wakabeba televisheni, godoro, na sufuria ya bukari pamoja na bukari yenyewe. Habari ikafika Texas kabla ya kufika polisi. Usiku wa manane simu ikalia. Kwao jua lilikuwa bado liko juu, na shemeji hajawahi kujali letu liko wapi.

"Yaya, tafuta bastola."

"Nitaitafuta wapi?"

"Ku duka ya pembeni tu."

Duka ya pembeni! Akaanza kunifundisha namna ya kulichagua. Nisikimbilie bei ndogo. Nichague duka la mtaani kwangu, la mtu anayenijua kwa jina, anayeniacha nishike bastola tano au sita bila kununa, mwenye fundi wake chumba cha nyuma na uwanja wa kujifunzia kulenga. Muuzaji mwema, anasema, hakusukumi. Anautazama mkono wako, na ukiwa mdogo anakutafutia mpini unaoenea kiganjani. Kule kwao duka lina leseni ya serikali kuu, mteja anajaza fomu, na jina lake linachunguzwa na FBI kwa mfumo ulioanza kazi mwaka 1998. Mwenye umri chini ya miaka 21 hauziwi bastola dukani. Hata aliyetoka jimbo jingine haondoki nayo: inatumwa kwenye duka la jimbo lake, akaichukulie huko.

Nilisikiliza yote. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, simu ilikuwa inakata roho, na bado shemeji alikuwa ananieleza tofauti ya mpini wa mbao na wa plastiki.

Asubuhi nikatoka kulitazama soko letu kwa macho ya mtu wa Dallas. Ruashi hatukosi biashara. Tuna mgodi wa shaba na kobalti ubavuni. Tuna anayeuza bati, anayeuza majeneza, anayeuza kapenta, sumu ya panya, nywele za bandia, yunite za simu, na mtabiri anayepokea malipo kwa simu. Tuna mtu anayeuza kiatu kimoja cha kushoto na anakipata mteja. Duka la bastola hatuna. Kila mtu anajua mtu anayejua mtu, na huyo wa mwisho hana kibao mlangoni.

Basi nikamfanyia huyo asiye na kibao mtihani wa shemeji.

Yuko karibu? Wanasema yuko karibu kuliko duka la dawa. Hapo kapata alama. Ananijua kwa jina? Sasa hapo ndipo ninapoanza kutoka jasho. Huko Dallas kujulikana na muuzaji ni heshima. Hapa, mtu wa namna hiyo akijua jina langu, atajua na avenyu. Akijua avenyu, atajua mlango. Na atajua kwamba nyuma ya mlango huo kuna mzee aliyekuwa na dola za kununulia bastola. Ataniacha nishike tano au sita? Anayo moja, inakuja ndani ya mfuko wa makaa, na historia yake haiulizwi. Fundi? Yeye mwenyewe, kwa nyundo. Uwanja wa kulengea? Tunao, ni avenyu yetu baada ya saa nne usiku. Risiti? Nani atapiga muhuri? Na ikikwama siku ya kuihitaji, utairudisha kwa nani ukamwambie nini, na yeye anayo nyingine?

Sheria ipo, wala si changa. Ni ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, ya enzi za Mobutu, nchi ikiitwa Zaire. Kwa ufupi wake: ruhusa ya serikali kwanza, bunduki baadaye. Na raia akikutwa na silaha ya vita asiyo na haki nayo, anayemngoja si hakimu wa kiraia, ni wa jeshi. Sheria za jeshi za mwaka 2002 ndivyo zinavyosema. Hili linanikera kuliko mengine yote. Sikuwahi kula mshahara wa askari hata wa mwezi mmoja, sijawahi kupewa hata buti, lakini nitasimama wima mbele ya bwana mwenye nyota mabegani nikijibu maswali ya kijeshi na miguu yangu hii yenye baridi yabisi. Mwipwa wangu, ambaye hujiona wakili kwa sababu anavaa tai, akauliza kama bastola ndogo nayo ni silaha ya vita. Nikamwambia akamuulize yule mwenye nyota, mimi nitamngoja nje.

Tuliporipoti mambo haya chini ya mwembe, wanaume wa avenyu wakagawanyika. Mmoja akasema yeye anajua nchi ambako raia hupewa leseni kwa utaratibu: Kenya. Ni kweli, Kenya wana bodi yao ya leseni za silaha, inachunguza mtu kabla ya kumruhusu. Kijana wa duka la mkate akadakia kwamba kumbe ni karibu hivyo, taksi-basi za kwenda Kenya zinapita hapo barabarani, na yeye ana shangazi pale nyuma ya soko. Ilitubidi tumkalishe tumkumbushe kwamba komini ya Kenya ya hapa Lubumbashi haina bodi ya silaha, ina shangazi yake tu.

Na mtu asidhani Katanga haikuwahi kuchagua duka la bunduki. Ilichagua, tena kwa majivuno. Msiri, mtu wa Unyamwezi aliyekuja kufuata shaba katikati ya karne ya 19 akaishia kuwa mfalme wa Bayeke pale Bunkeya, alikuwa mteja wa kuonewa wivu. Alikuwa na maduka mawili, moja kila bahari. Upande wa mashariki ilikuwa misafara ya Waswahili na Waarabu wa pwani. Upande wa magharibi misafara ya Waovimbundu kutoka Bihe, na Benguela na Wareno wake nyuma yao. Alilipa kwa pembe za ndovu, kwa shaba, na tusifiche, kwa watu pia. Huyu akipandisha bei, anamgeukia yule. Na ili duka la magharibi limheshimu zaidi, alioa kwao: Maria de Fonseca, dada wa mfanyabiashara aliyekuwa akileta misafara yake Bunkeya. Shemeji yangu angempa Msiri alama zote. Anajulikana kwa jina, ana nafasi ya kuchagua, na mwenye duka ni shemeji yake.

Halafu wakubwa wa Ulaya wakakutana Brussels. Tarehe 2 Julai 1890 wakatia sahihi mkataba uliopiga marufuku, pamoja na mambo mengine, kuingiza bunduki za kisasa katika ukanda wote wa Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta mpaka nyuzi 22 kusini. Ruashi tuko karibu na nyuzi 12 kusini, ndani kabisa, hatuna pa kuponea. Kilichoachwa kiuzwe ni gobore la gumegume na baruti ya kawaida. Nia iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na nia yenyewe sina ugomvi nayo. Ila waliotia sahihi hawakuandika popote kwamba na wao wakija watawaachia wake zao bunduki nyumbani.

Mwaka uliofuata wakaja. Msafara wa William Stairs, uliotumwa kwa faida ya mfalme Leopold, ulitokea Zanzibar, ukakata nchi mpaka Bunkeya. Tarehe 20 Desemba 1891 kapteni Mbelgiji, Omer Bodson, akampiga Msiri risasi akamuua; naye Bodson akapigwa palepale na mtu wa Msiri, akafa. Bodson alitumia bastola. Mfalme mwenye maduka mawili na bunduki ndefu chungu nzima, kilichommaliza ni kidude cha kiunoni kilichokuja kwa barabara ya muuzaji wake wa mashariki. Nilimsimulia shemeji haya kwenye simu. Akauliza ilikuwa bastola ya kampuni gani.

Kwa haki, nimekumbuka duka moja lililofanya kazi waziwazi Katanga, lenye bei moja kwa wote, ila lilikuwa likienda kinyumenyume. Baada ya vita, miaka ya 2000, PAREC, shirika la mchungaji Ngoy Mulunda, yule aliyekuja kuongoza tume ya uchaguzi mwaka 2011, ilipita Katanga ya kaskazini ikisema: lete bunduki, chukua baiskeli. Watu walileta. Baiskeli huko si mchezo. Inabeba mihogo, inabeba mgonjwa, inabeba mama na watoto na kuku. Mwaka 2008 PAREC ikapeleka mambo hayo Kinshasa, na kule, kwa kuwa watu wa Kinshasa wana haraka, walipewa dola 100 mkononi. Mwipwa wangu wa tai akapiga hesabu upesi: ukipata bastola kwa asiye na kibao kwa chini ya dola 100, halafu mpango urudi... Nikamwambia avue tai.

Hata hivyo aliyeifunga kesi ya bastola nyumbani kwangu si sheria wala Msiri. Ni zamu. Zamu wangu ni mzee wa filimbi, rungu na koti la mitumba lenye kofia ya manyoya, analala kuanzia saa tano kwa nidhamu kubwa. Aliposikia maneno ya Dallas yanazunguka uani, akanijia asubuhi na mapema, jambo ambalo peke yake lilinishtua.

"Papa, ukiingiza bastola mu hii nyumba, miye natoka."

"Juu ya nini?"

"Leo bamwivi banakuya juu ya televizyo. Kesho batakuya juu ya bastola. Bale ba televizyo, nabajua."

Hoja yake ni nzito, na sentensi yake ya mwisho bado naichunguza.

Basi tumebaki na ulinzi wa kawaida wa watu wa kawaida. Filimbi kila nyumba: anayesikia mwizi anapuliza, wengine wanaitikia kwa masufuria. Kwa mpango ni mzuri. Kwa kweli, watoto wanazitumia filimbi kuchezeshea mpira mchana, ikifika usiku zimejaa mate na mchanga, zinatoa sauti ya kifaranga. Kuna mbwa pia. Wangu nilinunua kwa mtu aliyeapa kwamba ana damu ya mbwa wa polisi, na huenda ni kweli, kwa sababu hasogei bila kupewa kitu. Na kuna kufuli.

Bibi yangu alisema: kama unataka duka la kuchagua, chagua hilo. Nikaenda nikiwa na mafundisho yote ya shemeji kichwani. Maduka ya misumari na vyuma yako mstari mzima, na kila moja linaning'iniza makufuli mlangoni kuanzia ya dirisha la choo mpaka ya kufungia lori. Nikaingia la karibu zaidi, la mtu anayenijua kwa jina. Kijana wa kaunta alikuwa anakula mandazi.

Nikamwomba aniwekee mezani makufuli matano ya katoni moja na funguo zake zote. Akanitazama kama ninavyotazamwa na mbwa wangu.

"Papa, unauza ao unacheza?"

Watu wa pwani wasishtuke: kwetu Lubumbashi, kuuza ndiko kununua. Nikamjibu nitauza nikimaliza kucheza. Nikachukua ufunguo wa kufuli la kwanza, nikajaribu la pili. Halikukubali. La tatu likafunguka bila kusumbua, kwa sauti tamu kabisa. La tano pia. Nikaita mwenye duka. Akatoka nyuma, akatazama, akajaribu mwenyewe, likafunguka tena. Nikangoja aone haya.

"Sasa Papa, shi njo muzuri? Ukipoteza funguo, unaomba kwa jirani."

Nikamuuliza ni majirani wangapi wamenunua katoni hii. Akasema kadena hizi zimeenda sana, karibu avenyu nzima, hata yule waliyemwibia televisheni ni mteja wake wa zamani.

Nikavuka barabara kwenda duka la pili, ambako hakuna anayenijua. Mama mwenye duka akaniacha nijaribu funguo kadiri nilivyotaka, hakuninunia, hakunisukuma, akaniletea na kigoda. Nikaona mara hii nimelipata duka la shemeji. Nilipokuwa natoa pesa nikamuuliza bidhaa zake anazitoa wapi, mpakani Kasumbalesa au mbali zaidi.

"Hapana, Papa. Nauzaka pale ng'ambo, kwa ule muntu mwenye ulitoka kwake."