Sifa za Buji Iliyokufa

Washairi wamesifia mwezi, wamesifia jahazi, wamesifia hata tumbo la mlafi. Buji ya dizeli, ile inayopasha joto ili mazutu ishike moto, haijapata ubeti. Naisifia leo, tena ile iliyokufa, kwa niaba ya abiria wa njia ya Kasongo kwenda Kabambare, mashariki mwa Kongo.

Nasaba yake ni tukufu. Rudolf Diesel alipata hati ya injini yake Februari 1893, miezi miwili kabla askari wa kamanda Mbelgiji Dhanis hawajauteka mji wa Kasongo. Imani yake ilikuwa kwamba hewa ikibanwa sawasawa huwasha mafuta yenyewe, na malori mengi makubwa yanaishi kwa imani hiyo hadi leo. Land Cruiser kuukuu ya injini ya 1HZ, lakini, huanzia moto katika vyumba vidogo vya pembeni, ambavyo kuta zake zikiwa baridi hunyonya joto. Ndipo zikaajiriwa buji sita: kazi sekunde chache alfajiri, mapumziko kutwa. Waheshimiwa wangapi wanatumikia muda mrefu hivyo?

Moja ikifa, gari hukohoa na kutoa moshi mweupe. Zikifa nne, fadhila zinaanza. Shofa hujifunza kuusoma mlima na hulaza gari mtelemkoni tu. Abiria wa kiti cha mbele, aliyelipa zaidi, hushuka akasukuma pamoja na aliyekalia magunia ya mpunga, na kwa dakika kumi wote ni raia sawa. Mama wa chai na mikate humaliza sinia. Mwenye haraka na akumbuke kwamba vidonda vya miguu vilimweka Livingstone Kabambare miezi mingi, mwaka 1870 hadi mwanzo wa 1871, naye hakudai nauli irudishwe.

Wabishi husema: badilisheni! Haya. Buji ya miaka mingi hushikamana na kichwa cha injini kwa masizi. Fundi mwenye subira huitilia mafuta ya kulegeza kutu, akaizungusha kidogo huku, kidogo kule. Mwenye pupa huikata. Ncha ikabaki ndani, na kichwa kizima kikafunguliwa. Akifaulu, anangojwa na mtihani wa volti: buji ya mfumo wa 12 ikifungwa kwenye gari la 24 huungua papo hapo, na mwenye gari huanza upya kutafuta nauli ya kuagiza nyingine Bukavu.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni kubeba lawama. Tumechelewa? Buji. Mgonjwa hakufika hospitali? Buji. Maharage yameoza kabla ya soko? Buji hiyohiyo, wala haijawahi kujitetea.

Basi tuseme zote sita zimebadilishwa, injini imewaka kwa mguso mmoja, tumeondoka saa kumi na moja alfajiri, na bado usiku umetukuta matopeni. Hapo itabidi tuulize habari za barabara yenyewe, na swali hilo haliulizwi garajini. Wakubwa wanaopaswa kulijibu wana kila sababu ya kuiombea buji yetu mbovu maisha marefu.